Kilio Kisichokuwako: Historia ya Haya ya Mwanafunzi wa Katuba

Nikiwa G1 nilimuua kambo yangu. Hakuugua, hakuanguka. Nilimuua kwa mdomo, siku ya Alhamisi saa sita, mbele ya wenzangu wane, kwa sababu walitaka kuja kufanya TP kwetu.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watano. Mara mbili tulikutania kwa rafiki mmoja anayekaa Golf. Kule kulikuwa viti vya kulala ndani yake, kulikuwa na jenereta inayowaka yenyewe kama moto wa SNEL ukikatika, na mtu wa kazi alituletea juisi juu ya sahani kubwa. Nilikunywa ile juisi kama mtu anayekunywa dawa. Mara ya tatu, yule rafiki akasema tu, bila ubaya: "Juma ijayo twende kwa nani? Katuba hatuyafika bado."

Mu dakika moja nilipitisha nyumba yetu mbele ya macho yangu. Vyumba viwili na sebule. Magunia ya makala yamepangwa ku ukuta mpaka dirishani, maana mama alikuwa anauza makala. Choo cha inje chenye kufungwa na gunia. Mdomo ukatoka wenyewe: "Haitawezekana. Kambo yangu amekufa."

Ninyi mnaojua mji wetu mmekwisha kuona kosa langu. Lubumbashi hapa, mtu anaweza kukunyima chumvi, lakini kilio chako hatakiacha. Siku ya Posho walifika, wote wane, na wengine watatu wa promosyo. Walikuwa wamekusanya feza mu bahasha. Mabinti walikuwa wamefunga bikwembe. Waliulizauliza avenyi kwa avenyi, "Kilio kiko wapi?", na watu wa Katuba wakawaonyesha vilio viwili ambavyo havikuwa vyetu, mpaka wakafika kwetu. Mbele ya mlango kulikuwa mama mzee mmoja, ameketi ku kiti kifupi, anapepeta karanga.

"Karibuni, bana. Munatafuta nani?"

Binti mmoja akaeleza kwa sauti ya huzuni: tunatafuta kilio, kambo ya mwenzetu amekufa.

"Kambo yake njo miye," mzee akajibu.

Mimi nilifika wakati ule ule, gunia la makala ku kichwa, uso mweusi, jasho limechora mistari ku mashavu. Sitaeleza ile kimya. Kambo aliniangalia, akaangalia wageni, akaelewa yote mbele ya mtu yeyote kufungua mdomo. Akasema: "Basi mumefika mbele ya siku. Ikaleni, mukule." Tukala bukari na sombe, wote tukichovya mu sahani mbili, na hakuna aliyesema neno juu ya kilio.

Kwa miaka mingi nilijiuliza: niliogopa nini hasa? Hakuna hata mmoja kati ya wale wane aliyewahi kunicheka. Sikuwahi kusikia mtu akisema mu chumba cha masomo kwamba mtoto wa Katuba ni muchafu, ni mwizi, anazunguka na rafiki kwa ajili ya feza ya basi na ya kunakili silabusi. Hayo yote niliyasema mimi mwenyewe, ndani ya kichwa changu, kwa sauti yao. Kisha nikawaazibu kwa maneno ambayo hawakusema: nilikuwa ninakaa nyuma, ninatoka wa kwanza, ninakataa ukumbusho wa kuzaliwa wa mtu kwa sababu ya mchango, na watu wakafikiri nina kiburi.

Nilisoma historia, kwa hiyo nitajibu na historia. Na shahidi wangu wa kwanza njo yule niliyemuua.

Usiku ule, kisha wageni kuondoka, nilikwenda kumwomba kambo musamaha. Hakukasirika sana. Aliniuliza: "Uliogopa baangalie nini? Sufuria?" Halafu akanielezea jambo ambalo hakuna mtu kwetu alikuwa amenielezea.

Mnamo miaka ya 1950 bwana yake, kambo yangu mwanaume, alikuwa karani mudogo. Alijua Kifaransa, alivaa kola, alikuwa anasoma magazeti. Wakati ule Wabelgiji walikuwa wameanzisha namna ya kuwachagua Wakongomani waliowaita evolue, maana yake wale "walioendelea". Tangu 1948 kulikuwa kadi ya sifa za kiraia. Mu 1952 wakaongeza ngazi ya juu, imatrikulasyo, ambayo ilimkaribisha mtu kwenye sheria za Wazungu. Kadi ile haikuwa pambo. Mu miji ya koloni, mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea usiku mu mtaa wa Wazungu bila karatasi. Kadi ilikufungulia njia kidogo.

Lakini ili uipate, hawakuuliza tu masomo yako. Walikuja kwako. Watu wa komisyo waliingia nyumbani, wakaangalia kama kuna meza, kama kuna uma na visu, kama bibi anakula pamoja na bwana, watoto wanalala wapi, choo kinafanana namna gani. Patrice Lumumba mwenyewe, akiwa karani wa posta pale Stanleyville, aliombaga imatrikulasyo, akakataliwa kwanza, akaipata mu 1954. Kama mtu kama yule alikataliwa, fikirini wengine. Karibu na uhuru, wakubwa wa nyumba walioandikishwa kwa sheria ile ya 1952 walikuwa wa kuhesabiwa kwa mamia tu, mu nchi yenye watu zaidi ya milioni 13.

Kambo alisema walijitayarisha juma mbili. Uma hawakuwa nazo. Waliazima kwa jirani, na jirani naye alikuwa ameazima kwa mwengine. "Uma ine zilizunguka avenyi yote," alicheka. Komisyo ikaja, mzungu mmoja akafunika pua karibu na choo, akaandika. "Banapotoka, njo tulikula na mikono."

Kadi haikutoka. Na hapa njo kambo aliacha kucheka. Wale makarani wenzake waliokuwa wakikutana mu sirkili yao Jumapili, kusoma na kuzungumza, hawakumfukuza. Walimtumia habari mara mbili, mara tatu. Yeye njo aliacha kwenda. Alisema wanamhurumia. "Hakuna mutu alimuhurumia," kambo alisema. "Alikuwa anasikia huruma kwenye haiko."

Nilipokuwa ninaandika memwari yangu, miaka mine kisha, nilirudi mara nyingi ku sentensi ile.

Wanawake nao walikuwa na mutihani wao. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliacha desturi ya kuajiri wanaume wa miezi michache, ikataka mfanyakazi akae na bibi na watoto mu makambi yake. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya chakula, hospitali, shule za wamisionari. Watu wazima wa kwetu bado wanasifu wakati ule, na siwezi kuwacheka, posho ilikuwa posho ya kweli. Lakini nyumba ile haikuwa yako, na jicho la mkubwa liliingia ndani yake. Mu miji ya koloni kulikuwa pia mafoyer, ambako wanawake walifundishwa kushona, kupika, kuosha mtoto, na walimu wao walikuwa wakiwatembelea nyumbani. Kambo alikumbuka mwanamke mzungu aliyefungua kifuniko cha sufuria yake bila kuomba. Yeye alikuwa na miaka karibu 22. Alisema mpaka leo, mtu akiingia kwake kwa gafla, anaangalia kwanza sufuria kama imefunikwa.

Ramani ya mji nayo ilisema vilevile. Elisabethville ilijengwa na mtaa wa Wazungu upande mmoja na cité ya weusi upande mwengine, na katikati nafasi tupu iliyoachwa kwa makusudi, kwa sababu ya afya, walisema. Kamalondo ni cité ya zamani. Katuba ilikuja karibu na 1950, watu wakijenga wenyewe kwa vifaa walivyokopeshwa na utawala. Nyumba yetu ni moja ya zile. Matofali yake kambo mwanaume aliyapanga kwa mikono yake, na deni alilipa mpaka mwisho. Ile nyumba niliyoificha, siku zake ilikuwa ya watu kusimama njiani na kuitazama! Niliyajua hayo nikiwa na miaka 20, tena kisha aibu.

Sasa tuje ku univer. Lovanium ilifunguliwa mu 1954 pale Léopoldville, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Serikali mu 1956. Weusi na Wazungu walikaa mu benchi moja, na mwanzoni mwa chuo cha kwetu Wazungu njo walikuwa wengi. Wakati wa uhuru, 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya univer hawakufika 30. Kwa hiyo neno "mwanafunzi wa univer" lilizaliwa likiwa limevaa koti. Lilichukua nafasi ya evolue: mtu anayetazamwa, anayengojewa kuwa mkubwa, ambaye kwake hakuwezi kunuka makala.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wanasahau. Kwa muda fulani, taabu ya mwanafunzi maskini mbele ya wenzake ilipunguka, na sababu haikuwa moyo mwema wa mtu. Ilikuwa burse na kitanda. Mjomba wangu alisoma hapa mu miaka ya 1970. Mobutu alikuwa ameunganisha vyuo vyote mu 1971 kuwa UNAZA, na Lubumbashi ikapokea masomo ya lugha na ya siasa, basi vijana wakatoka Kasai, Bandundu, Équateur, Kivu, wakalala mu mahome ya Kasapa. Serikali ililipa burse. Restora ilitoa sahani sawa kwa wote. Nilimuuliza: mulijuaje nani ni mtoto wa maskini? Alifikiri, akasema: "Hatukuwa tunajua kwao ni wapi. Hakuna aliyetembelea kwa mwenzake, kwao kulikuwa kilometa elfu." Mu mavazi nako, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, Mzee alikuwa amewavulisha tai, akawavalisha abakosti, maskini na tajiri wakafanana kidogo, ingawa mjomba anasema kitambaa kilikuwa kinajulikana tu.

Sitaki tuote ndoto. Muungano wa 1971 ulikuwa azabu: tarehe 4 Juni 1969 askari walipiga risasi wanafunzi mu Kinshasa, na mu Juni 1971, walipotaka kukumbuka wafu wao, wanafunzi wa Lovanium walikamatwa wakatiwa mu jeshi. Na mwanafunzi mwenye burse alijua kumzarau muuza karanga, hilo nalo mjomba alikubali, akiangalia pembeni. Lakini kati yao wenyewe, nyumba ya mzazi haikuwa mutihani tena.

Halafu yote yakaanguka kwa vipande. Feza ya nchi ilikosa samani, burse ikawa ndogo, kisha ikapotea. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 kampus yetu ilishambuliwa, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano na Zaïre. Mwaka ule ule, mu Septemba, mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, iliyolisha mji muzima, ikaanza kushuka. Mu 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10.000 walitoka kwa ile mipango ya "kuondoka kwa mapenzi". Mu mashule, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi njo walibeba mushahara wa walimu. Univer ikafuata njia hiyo hiyo: masomo ni mzazi kulipa, silabusi ni mzazi kulipa, kuandikishwa ku mitihani ni mzazi kulipa.

Mu mahome, kitanda cha mmoja kikalala watatu. Wale wasiokuwa na jina ku karatasi ya chumba waliitwa makizari, kama waasi wanaojificha mu pori. Jina la kuchekesha, tunalitamka na fahari, mimi nalo nililibeba mwaka muzima wa mwisho. Lakini sikilizeni linasema nini: huyu hana haki ya kuwa hapa, anajificha. Na wengi wetu hatukupata hata nafasi ya kujificha. Tulirudi kulala kwa wazazi, Katuba, Kenya, Ruashi. Nyumba ikarudi mu masomo kupitia mlango wa nyuma. Komisyo haiko tena, Mzungu wa daftari amekufa zamani, lakini ukiambiwa "juma ijayo twende kwenu", yeye njo anayekuja. Tumemhifazi vizuri.

Kuna watu wa saikolojia waliopima jambo karibu na hili. Mu Marekani, Claude Steele na Joshua Aronson walitoa mu 1995 matokeo juu ya wanafunzi weusi: ukiwaambia mutihani unapima akili, wanapungua, ukiwaambia ni zoezi tu, wanapanda. Mu Ufaransa, 1998, Jean-Claude Croizet na Theresa Claire waliona vilevile kwa wanafunzi wa familia maskini. Hakuna aliyewatukana kabla ya kuandika. Ilitosha wajue kuna fikra fulani juu ya watu kama wao, na kwamba sasa inaweza kuhakikishwa. Wao walipima karatasi za mutihani. Ningependa mtu apime pia mialiko iliyokataliwa.

Maana hata yule wa Golf alikuwa na komisyo yake. Juma zima kisha kilio kile hatukusemeshana. Siku moja alinikuta mu njia ya Kasapa, tukiwa tunatembea wote wawili, yeye gari limekosa kuja. Nikaanza maneno ya musamaha, akanikata:

"Vié, miye nilizania ulikuwa unakataa juu ya baba yangu."

Sikuelewa. Akaeleza. Baba yake alikuwa mkubwa mu kazi moja ya Serikali, na tangu shule ya msingi alikuwa anangoja mtu amwambie usoni kwamba yeye ni mtoto wa mwizi, na kwamba pointi zake zinanunuliwa. Alipoona mimi, mwenye pointi nyingi kuliko wote, ninakunywa juisi yake na uso wa kukunja na kutoka wa kwanza, alijua: huyu ananizarau. Ile juisi na ile sahani kubwa, mama yake njo alizipanga, ili tusiwaone kuwa watu wabaya. Na kuja kwetu Katuba lilikuwa ombi lake. Alitaka aonekane mtu anayeweza kukaa ku kiti kifupi.

Nilicheka, naye akakasirika, kisha akacheka. Lakini sikuweza kusema kwamba alikosa. Ni kweli nilikuwa nimesema hayo juu yake, si mbele yake, ila ku basi, na watoto wengine wa Katuba. Kwa hiyo fikra aliyoiogopa ilikuwako kweli, na mimi nilikuwa mmoja wa wenye nayo. Yangu mimi, sikuipata kwake hata siku moja. Kambo mwanaume alisikia huruma kwenye haiko. Huyu alisikia zarau mahali ilipokuwa. Mtu akiwa ndani ya haya, mambo hayo mawili yanaumiza sawasawa, na hana namna ya kuyatofautisha kama hakuuliza.

Tulimaliza masomo pamoja. Sikuwa rafiki wake wa karibu kuliko wote, nisidanganye. Mafranga yaliendelea kutenganisha likizo zetu, na wakati wa mchango wa toge na wa sherehe nilipotea tena siku tano, safari ile bila kuua mtu. Alinitafuta, akaniambia niseme tu "sina". Neno fupi. Lilinichukua dakika kumi.

Ile bahasha? Nilitaka kuirudisha. Mama alikataa: feza ya kilio hairudi mu mufuko. Avenyi ya tatu kulikuwa kilio cha kweli, moja ya zile nyumba mbili walizoonyeshwa kwanza, wamefiwa na mtoto. Mama aliosha uso, akafunga kikwembe, akaipeleka kule usiku, akawaambia inatoka kwa wanafunzi wa univer. Mpaka leo watu wa nyumba ile wananisalimia kwa heshima ambayo sikuitumikia.

Kambo alikufa miaka kumi na miwili kisha siku aliyokufa kwa mdomo wangu. Nilituma ujumbe mufupi ku wenzangu wa promosyo, na nilipoutuma mikono ilitetemeka, maana nilijua watakumbuka nini. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati mabinti wa nyumba walikuwa bado wanawasha makala, mtu mmoja aliingia kwa njia ya nyuma, kupita pembeni ya choo, kama mtu anayejua nyumba. Alikuwa yule wa Golf, na kiti cha plastiki ku mkono. Alisimama mbele yangu, akaniangalia macho kwa macho.

"Leo njo ya kweli?"

Tukacheka kwa nguvu, mpaka wazee waliokuwa wameketi ku kivuli wakatukaripia.